Breki za Kumpeleka Nekesa

Jumatatu, 2 Agosti 2004

Kinu kimefunguliwa saa kumi na mbili na nusu. Magunia tisa kabla ya chai. Mkanda ulikuwa unalia, nimeupaka nta, umenyamaza. Saa nne nikaenda na gari kuchukua mahindi. Kurudi, kila nikigusa breki linanivuta kushoto. Nikasimama kando, nikaweka mkono kwenye rimu. Ya mbele kushoto ingeweza kukaanga yai. Ya kulia baridi kabisa.

Fundi Barasa akafungua magurudumu pale gereji yake nyuma ya soko la Kitale. Kosa liko kwenye kaliper, lile koleo linalobana diski. Ndani ya kila moja kuna pistoni, kikombe cha chuma kinachosukumwa na mafuta ya breki. Ya kulia imeganda, haitoki. Ya kushoto inatoka, hairudi. Zote mbili zimeliwa na kutu, mashimo kama uso wa mtu aliyeugua ndui.

"Mama Kinu," akasema, "humu ndani kuliingia maji."

Nikamwambia kama kuliingia maji basi ni yeye. Mafundi wa huku wakikosa mafuta ya breki wanatia maji ya sabuni, wanachukua pesa, wanakwambia enda salama. Nilisema hivyo mbele ya wateja wanne. Akapangusa mikono polepole. Akaniambia nitafute fundi asiyetumia sabuni. Sawa. Nitatafuta.

Jioni simu ya Wafula, ndugu yangu mdogo, kutoka Mabanga. Kamati imekaa. Harusi ya binti yake Nekesa ni Jumamosi ya tarehe 14, kanisani Bungoma mjini, hiyo tunajua. Jipya ni kwamba bibi harusi atabebwa na gari la kukodi. "Dada, lako ni la zamani, si unajua. Wewe utakuja tu na wazee."

Nekesa nimemlea miaka kumi na minane, tangu mama yake afariki yeye akiwa na sita. Mimi ndiye senge yake, dada ya baba. Kwetu senge ndiye anayemfikisha msichana siku ya harusi. Sasa ati nije na wazee.

Nikamwambia gari litakuwa sawa. Yeye ni dereva wa lori la miwa, anajiona profesa wa breki. Akasema Ijumaa ya tarehe 13 ataliendesha mwenyewe. Likivuta upande hata kidole kimoja, la kukodi linakuja.

Nimekasirika mpaka ugali umeungua.

Jumanne, 3 Agosti

Maduka sita ya spea. Gari langu ni la Ufaransa, la 1978, stesheni wageni, lile refu lenye mlango nyuma. Duka la kwanza walicheka. La pili walinionyesha pistoni ya gari la Kijapani, milimita 51. Yangu ni 54. Kijana wa kaunta akasema, "Si unaweka tu mpira mnene, mama." Nilimwangalia mpaka akarudisha sanduku kwenye rafu.

La tano wana seti ya mipira ya breki ya kaliper yangu. Mipira ndiyo, pistoni hakuna. Nimechukua seti. La sita wakanipa ringi za mpira wa jeki, wakasema ni kitu kilekile. Nimechukua mbili, nizipime.

Kwa hiyo pistoni lazima zichongwe. Swali ni zichongwe kwa nini. Mzee wa kuyeyusha sufuria anasema alumini, kesho asubuhi ziko tayari. Fundi bomba anasema shaba ya manjano. Mimi mwenyewe nina shafti ya zamani ya kinu nyuma ya nyumba, chuma kizuri, changu. Nililala nikiipenda shafti hiyo.

Jumatano, 4 Agosti

Nimeamka nimeikataa. Chuma cha kawaida bila kupakwa kromiamu kitaota kutu tena, na wa kupaka kromiamu hapa karibu hayuko. Siwezi kufanya kosa moja mara mbili kwa sababu tu mara hii chuma ni changu.

Nikaenda kwa wauza vyuma chakavu. Nimepata kipande cha shafti ya tangi la kukorogea maziwa. Stenlesi, chuma kisichoshika kutu. Unene milimita 60, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Nilikuwa na sumaku ya spika kwenye mkoba. Haikushika, ndiyo stenlesi halisi. Nikakwaruza, nikamwagia maji ya chumvi, nimeacha juu ya paa.

Halafu jaribio la moto. Nyuma ya pistoni kuna mafuta ya breki. Moto wa diski ukipita kwenye pistoni mpaka mafuta yachemke, mguu unazama na gari halisikii. Nikatafuta vyuma vinne vyembamba vya urefu sawa: alumini, shaba, chuma, stenlesi. Ncha moja kwenye makaa ya jiko, ncha nyingine kidonge cha mafuta ya kupikia yaliyoganda.

Nekesa akaja kutafuta chai. "Senge, unapika nini?"

"Harusi yako."

Akachuchumaa akawa mshika saa. Alumini, sekunde 40, kidonge kimeanguka. Shaba, dakika moja na nusu. Chuma, dakika tatu. Stenlesi, dakika sita, kidonge bado kimekaa kama karani wa serikali. Nekesa alicheka mpaka akakalia majivu na sketi yake ya kazi. Nikamwambia kuhusu la kukodi. Alikuwa anajua. "Nimewaambia nitaenda na wewe au nitaenda kwa miguu," akasema. Akachukua chai yake.

Alhamisi, 5 Agosti

Kitale hakuna mwenye mashine ya kuchonga ninayemwamini. Nimepanda matatu, nimepeleka stenlesi na kaliper Bungoma kwa Mzee Hamisi, karibu na msikiti. Ndiye aliyechonga shafti ya kinu changu cha kwanza, na haijalia mpaka leo.

Alikigonga kipande, akakisikiliza, akakunja uso. "Mama, hiki kina kiburi. Kitanimalizia visu."

"Kitamaliza vingapi?"

"Viwili. Labda vitatu."

"Nitaleta vinne."

Akapima tundu la kaliper: 54.05. Pistoni ya zamani mahali kutu haijafika: 53.99. Nafasi 0.06. Akataka kuchonga 53.99 kama ilivyokuwa. Nikasema ngoja. Ukutani ana jedwali la vyuma, limefifia, linaonyesha kila chuma kinavyotanuka kikipata joto. Nikaomba kalamu. Kaliper ni chuma cha kumiminwa, pistoni ni stenlesi. Joto likipanda digrii mia, stenlesi inatanuka zaidi kwa karibu 0.03 kwa unene huu. Nafasi inabaki nusu. Breki zikipata moto kwenye mteremko wa Kamukuywa pistoni inabanwa, na mimi niko palepale nilipoanza. Alumini ingekula 0.065, yaani ingekwama kabisa, na yule mzee wa sufuria angeniambia nimeendesha vibaya.

"Chonga 53.96," nikasema. "Ikipata moto, nafasi inarudi 0.06."

"Ikiwa baridi itavuja."

"Kuzuia mafuta ni kazi ya mpira. Pistoni kazi yake ni kusukuma."

Hamisi akahesabu mwenyewe, akimnong'oneza mtu asiyeonekana. Mara mbili. Akasema amefanya kazi miaka thelathini na moja na ni mara ya kwanza mteja kusoma jedwali lake. Wengine hutundika kofia hapo. Jumanne zitakuwa tayari.

Nimerudi Kitale nikiwa na njaa na furaha.

Jumamosi, 7 Agosti

Mipira. Jumanne usiku nilitia kipande cha mpira wa akiba wa seti kwenye chupa ya mafuta ya breki, na kipande cha ringi ya jeki kwenye chupa nyingine. Leo nimevitoa, siku nne. Wa seti: 4.0 ulipoingia, 4.0 ulipotoka. Wa jeki: 4.0 ulipoingia, 4.6 ulipotoka, laini kama fizi. Halafu ni wa mviringo. Wa seti una pembe nne, na pembe hizo ndizo hujipinda pistoni ikitoka, ukiachia breki zinairudisha. Kitu kilekile, ati.

Nimepeleka vipande vyote viwili duka la sita, nimeviweka juu ya kaunta, nikaondoka bila salamu.

Stenlesi ya juu ya paa: hakuna kutu.

Sasa fundi. Pistoni zikija ni nani atazifunga? Nimezungumza na wawili. Mmoja alitaka kusafisha kaliper kwa petroli na kupaka mipira grisi ya beringi. Nilimuuliza kama ana watoto. Wa pili alisema kazi kama hiyo humwachia Barasa. Wote humwachia Barasa.

Jumapili, 8 Agosti

Sijaenda kanisani. Nimeaibika.

Nilikuwa natafuta lini mara ya mwisho Barasa alifungua breki, nipate tarehe, nimfunge nayo mdomo. Nikafungua shajara ya mwaka jana. Mwandiko wangu, Novemba: "Mafuta ya breki yamekwisha karibu na Matulo, bomba limelegea. Nimekaza. Maduka yamefungwa. Nimeomba mama mmoja sabuni ya kufulia, nimekoroga na maji, nimetia. Limefika nyumbani. Kumbuka kumwaga kesho."

Sikumwaga. Kesho yake mota ya kinu iliungua, nikasahau kila kitu. Miezi tisa maji ya sabuni yamekaa ndani ya breki zangu. Mkono wangu. Ndoo yangu. Nilisoma mara tatu nikitumaini ni mwandiko wa mtu mwingine.

Na nilimtukana mtu mbele ya wateja wanne.

Siku sita zimebaki.

Jumatatu, 9 Agosti

Nimekwenda gereji saa nne, saa ya wateja wengi. Kama nilimtukana mbele za watu siwezi kwenda kumwomba msamaha gizani. Walikuwa watano. Mmoja alikuwepo Jumatatu iliyopita, afadhali.

Nikamwambia Barasa: sabuni ilikuwa yangu. Nikampa shajara asome mwenyewe. Akasoma kwa sauti. Sikuwa nimepanga hiyo sehemu. Akasoma yote, mpaka "Kumbuka kumwaga kesho," akasimama hapo, akarudia.

"Mama Kinu," akasema, "ulitumia sabuni gani?"

"Ya mche. Ya bluu."

"Hiyo ni nzuri sana kwa shati."

Watu walicheka mpaka mmoja akaangusha spana. Mimi pia. Nimecheka kwa aibu na kwa kupona. Barasa akasema atafunga kaliper, lakini kwa sharti: nikae kwenye kigoda na nisiseme neno mpaka amalize. Nimekubali. Hilo ndilo sharti gumu zaidi nililowahi kupewa.

Jumatano, 11 Agosti

Jana Hamisi alimaliza pistoni. Leo asubuhi nimezileta. Nzuri kuliko kitu chochote nilichonacho nyumbani. Zinang'aa kama vikombe vya Meza ya Bwana. Nimepima mwenyewe: 53.96 na 53.96. Visu vitatu vimekufa. Cha nne amenirudishia, amekifunga kwenye gazeti.

Barasa ameosha kaliper kwa spiriti. Ameng'oa kutu kwenye mifereji ya mpira kwa kijiti cha mwanzi, hakutaka chuma kikwaruze. Mipira ya seti ameilowesha mafuta mapya ya breki, si grisi. Pistoni ikaingia kwa kidole gumba. Kidole gumba tu. Mabomba yote ameyamwaga, ikatoka supu ya kahawia, akainusa, akaniangalia. Sikusema neno. Niko kwenye kigoda.

Jioni tumezunguka mji mara nne. Halivuti. Rimu zote mbili vuguvugu. Nimempa Barasa mkono, akaushika na mafuta yake yote. Nimemwalika harusini. Akasema alikuwa ameshaalikwa na Nekesa tangu Juni.

Alhamisi, 12 Agosti

Tumehamia Mabanga na Nekesa: masanduku mawili, gauni kwenye mfuko wake mrefu, kuku wanne, mimi.

Ni mwaka wa tohara. Wavulana wanaotahiriwa wanazunguka kualika jamaa, njuga mikononi, nyuma yao kijiji kizima kinaimba. Karibu na Matulo, mwendo sitini, kundi likatoka kwenye njia ya shamba likamwagika katikati ya lami bila kuangalia. Watu hamsini au sitini. Nilikanyaga. Gari likasimama limenyooka, pua mbele, kama limeambiwa. Nekesa alikuwa amelishika gauni kifuani. Kuku mmoja akataga, naapa.

Siku kumi zilizopita gari hili lingenivuta kushoto. Kushoto walikuwa kina mama na watoto mgongoni.

Waimbaji hawakujua lolote. Walituzunguka, wakaona gauni, wakabadilisha wimbo palepale, wakamwimbia bibi harusi. Mama mmoja alipiga boneti kama ngoma. Nekesa akashuka akacheza barabarani na viatu mkononi. Nikashuka pia. Magoti yamenilaani lakini nilicheza. Kisha nikarudi nyuma nikahesabu kutoka alama za tairi: hatua ishirini na moja. Alama mbili za mbele, urefu sawa.

Sikumwambia Wafula. Kesho aone kwa macho yake.

Ijumaa, 13 Agosti

Wafula alikuja saa tatu amevaa buti za kazi, kana kwamba gari langu ni lori. Akaketi. Akakanyaga pedali kabla hata ya kuwasha. Ikazama nusu.

Akashuka, akatoa simu mfukoni.

Moyo wangu ulifanya kama kinu kilichomezeshwa jiwe. Jana ilikuwa ngumu, leo inazama. Nikapiga magoti, nikaangalia kila gurudumu. Hakuna tone. Kama hakuna tone, si mpira, si pistoni. Basi ni hewa. Kipovu kilichojificha mahali kwenye bomba, safari ya jana imekitikisa kikapanda. Nikamwambia, "Weka simu. Rudi kwenye kiti."

"Dada, kamati inangoja jibu."

"Kamati haina spana. Kaa."

Akakaa. Nililala kando ya gurudumu la mbele la kulia na spana ya nane ya kulegeza skrubu ya kutolea hewa, mpira mwembamba na chupa. "Finya. Shikilia. Achia." Nilimfundisha kuendesha baiskeli kwa sauti hiyohiyo, naye anajua, kwa hiyo alitii. Finya. Shikilia. Achia. Mara ya saba kipovu kikubwa kama punje ya mahindi kikapita kwenye mpira. Kisha viwili vidogo. Kisha mafuta masafi tu. Nikakaza. "Finya sasa."

Akafinya mara mbili. "Ni ngumu kama ukuta."

Akaliendesha barabara ya kuelekea chuo cha kilimo. Nilikaa kando yake. Mwendo themanini, akaachia usukani, mikono yote miwili hewani, akakanyaga. Likasimama limenyooka. Akarudia. Akarudia tena, mara hii akinitazama mimi badala ya barabara, mpumbavu yule. Limenyooka.

Alipiga simu mbele yangu. "Lile la kukodi libebe wazee," akasema.

Nimeoga ndoo mbili za maji. Nimekula sahani mbili.

Jumamosi, 14 Agosti

Utepe mweupe kwenye boneti, maua ya bogenvilia kwenye vioo. Nekesa nyuma na msimamizi wake, mimi kwenye usukani na kitambaa kipya cha kichwa. Mwendo arobaini. Breki nimegusa mara kumi na moja kutoka Mabanga mpaka kanisani: ng'ombe, matuta, na mara tatu bila sababu, kwa kuzipenda tu. Kanyaga, linapungua, kimya, kama mtu anayekaa chini kwa heshima.

Mlangoni mwa kanisa Nekesa hakushuka mara moja. Aliweka mkono begani mwangu kutoka nyuma. "Senge, umenifikisha," akasema. Nilikuwa na maneno mengi. Nikasema, "Shuka, unachelewesha padre."

Alivyotembea. Sitaandika, nitaharibu.

Nyumbani mbuzi wanne, wote wamechinjwa alfajiri na Mzee Hamisi ili kila mtu ale. Alirudi na mkewe baada ya swala ya adhuhuri. Barasa alivaa suti ya rangi ya maziwa na hakuketi dakika moja, amecheza na kina mama wa pande zote mbili. Aliposhika kipaza sauti nilijua nimekwisha. Aliwasimulia watu mia tatu habari za sabuni ya bluu. Mpaka Hamisi alilia kwa kucheka. Wazee walinibatiza jina la sabuni papo hapo. Nitalisikia mpaka kufa.

Saa kumi na moja Nekesa akaondoka na mume wake, na gari la upande wao. Nilipunga mkono mpaka vumbi likatulia.

Jumapili, 15 Agosti

Nimelala mpaka saa mbili. Mabanga kimya. Viti vya kukodi vimepangwa ukutani, mbwa wamelala wameshiba.

Nikatoka na kikombe cha chai, nikaketi kwenye ngazi ya jikoni. Wafula alikuwa uani na ndoo mbili na kitambaa, anaosha gari langu. Peke yake. Hakuna aliyemtuma. Amemaliza boneti, amemaliza vioo, akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele la kulia, akasugua rimu. Akaenda la kushoto. Akasugua. Akarudi tena la kulia, akaangalia kitambaa.

"Dada," akasema, bila kuinua kichwa. "Vumbi la breki ni sawa pande zote mbili."

"Ndiyo," nikasema.

Akaendelea kuosha. Sikuinuka kumsaidia. Nimeongeza sukari kwenye chai, nimekaa juani.